Laini Naondoka Nayo

Jumapili ile baada ya Atuganile kupata viza, shemeji yake Yotamu alifika nyumbani kwake Mbalizi, akiwa na simu mpya ya kitochi ndani ya boksi. Alikaa, akanywa chai mpaka ikaisha, ndipo akalisukuma boksi mezani.

"Zawadi yako ya safari, shemeji. Ina tochi, ina redio, na chaji yake inakaa wiki nzima. Huko Australia watakupa laini ya kwao. Ile yako niachie mimi, nikuangalizie."

"Uniangalizie ya nini? Ina homa?"

Yotamu akacheka kidogo. "Ikikaa bila kutumika wataifunga. Na watu wa Ubaruku wanakujua kwa namba hiyo hiyo. Liberatus akipiga, atapokea nani?"

Atuganile akaelewa. Liberatus ndiye aliyemlimia shamba lake la mpunga kule Ubaruku kwa kugawana mavuno. Yeye, mwenye mashine ya kukoboa, na mwenyekiti wa kitongoji, wote walimpata mwenye shamba kwa namba ile moja. Atakayeipokea ndiye atakayesikilizwa.

Shamba lenyewe alilinunua kwa viazi alivyolima mlimani, mvua baada ya mvua, na marehemu mume wake Ombeni alisimama mbele ya viongozi wa kijiji akasema, "Hili ni la mke wangu." Ombeni alipozikwa tu, mdogo wake Yotamu akaanza kuliita shamba la kaka.

"Kwa zawadi, ndaga fijo," Atuganile alishukuru. "Ila laini naondoka nayo."

"Uondoke nayo ukaikaange? Huko haishiki!"

"Isiposhika nitajua mimi na yenyewe."

Kesho yake alimweleza binti yake, Anyelwisye, muuguzi kule Perth, ambaye ndiye aliyekuwa anamwita akaishi naye.

"Mama, hicho kitochi kigawe," Anyelwisye alisema. "Huku mitandao ya zamani walishaizima. Hata simu za kugusa si zote zinafaa. Isiyoweza kupiga kwa 4G ya huku wanaifungia, inabaki ya kupigia picha. We njoo tu, nitakununulia huku."

"Hapana. Nikifika bila simu nitakuwa mtu wa kukuomba yako kila nikitaka kuongea. Na nikiwa njiani, anayenitafuta atasikia sipatikani. Yotamu anangoja neno hilo tu. Niambie ya kununua."

Anyelwisye akamwambia. Iwe ya laini mbili, ya Tanzania ikae humo humo na ya huko iongezwe. Isiwe imefungiwa mtandao wa kampuni moja. Na modeli yake iwe katika zile zinazokubaliwa na mtandao wa kule. "Kabla hujatoa hela, nipigie niangalie."

Alhamisi Atuganile aliingia Mbeya mjini. Duka la kwanza lilikuwa na taa nyingi, na muuzaji mwenye saa kubwa ya dhahabu alimwekea mkononi simu inayong'aa kama kioo cha kinyozi.

"Bibi, simu ni simu. Hii imetoka Marekani. Itashindwaje Australia?"

"Weka laini yangu tuone."

Laini ilipoingia, kioo kikaomba namba ya siri ya kampuni iliyoiuza mwanzo. Muuzaji akasema hilo ni dogo, kuna fundi wake ataifungua muda si mrefu.

"Akishaifungua, muuzie mwenye haraka," Atuganile alisema, akachukua laini yake akatoka.

Duka la pili lilikuwa la Daxa, mama wa makamo aliyerithi biashara kwa baba yake. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama, sikudanganyi. Simu ya kwenda Australia sijawahi kuuza. Tumuulize huyo binti."

Wakampigia Anyelwisye kwa simu ya Daxa, sura yake ikaonekana. Daxa akawa anamsomea namba za modeli kutoka kwenye maboksi, naye anatafuta kule. Ya kwanza haikukubaliwa. Ya pili ilikuwa ya jina linalosifiwa na kila mtu mjini na linalouzwa hata Australia, lakini herufi za mwisho za modeli zilikuwa tofauti na za kule. Nayo ikakataliwa.

"Si jina ni moja?" Daxa akashangaa.

"Hata Yotamu anatumia jina moja la ukoo na mume wangu," Atuganile alisema.

Ya tatu ilikuwa nzito, rangi ya zambarau iliyofifia, imekaa kabatini muda mrefu kwa kukosa mwenye kuipenda. Anyelwisye akaitafuta, akairudia mara ya pili kuhakikisha. "Hii, Mama. Hii wanaikubali."

Daxa akaiwekea laini, akahamishia majina yote. Walipofika kwenye kufunga kwa alama ya kidole, dole gumba la Atuganile, lililosuguliwa na jembe maisha yote, simu haikulisoma. Wakajaribu vidole vyote mpaka cha shahada cha kushoto kikakubali.

"Tuweke na kidole cha ndugu, ukikwama akufungulie?" Daxa aliuliza.

"Hakuna ndugu kwenye simu hii."

Akarudi Mbalizi akaanza kujifunza. Alikosea, akampigia mchungaji bila kukusudia, akatuma picha ya kiatu chake kwa mwenye mashine ya mpunga. Hakujali. Siku alipomtumia Liberatus ujumbe wa sauti na Liberatus akamjibu kwa sauti yake, alicheka peke yake jikoni.

Ibada ya kumuaga ilijaza sebule. Baada ya maombi, Yotamu alisimama mbele ya ukoo na wazee wa kanisa.

"Shemeji yetu anakwenda mbali. Tumekubaliana ataniachia laini, ili mali ya kaka isiyumbe."

Watu wakaitikia vizuri, wakidhani jambo limekwisha. Atuganile akainuka.

"Hatujakubaliana. Umeniomba, nikakukatalia. Shamba ni langu, laini ni yangu, na vyote naondoka navyo."

Wifi yake mmoja akaziba mdomo kwa kitenge.

"Mwanamke anabeba shamba la kaka yangu mfukoni!" Yotamu alifoka.

"Ndiyo," Atuganile alisema. "Na mfuko bado una nafasi."

Mchungaji akaanzisha wimbo haraka.

Alipofika Perth, Anyelwisye alimwekea laini ya pili, na simu ile ya zambarau ikashika siku hiyo hiyo. Wiki za kwanza zilikuwa za joto kali na kuzoea nyumba ya watu wa kuondoka alfajiri. Kisha, mchana mmoja wa Desemba, WhatsApp ikaita. Alikuwa Liberatus, anaongea kwa kunong'ona.

"Mama, shemeji yako yuko huku shambani, kaja na mwenyekiti wa kitongoji na mtu mwenye trekta ya pawatila. Anasema umemkabidhi, na msimu huu atalima huyo. Anasema wewe hupatikani tena."

"Sasa hivi unaongea na nani?"

Liberatus akaguna kicheko.

"Washa kamera, Liberatus. Uwapelekee simu."

Majaruba ya mpunga yakatokea kiooni, maji yakimeta, kisha mwenyekiti wa kitongoji, kisha Yotamu, suruali ameikunja magotini, tope hadi kwenye vifundo.

"Shikamoo, mwenyekiti," Atuganile alisema kwa sauti ya kanisani. "Unanisikia?"

"Marahaba! Nakusikia, mama, tena nakuona."

"Sijamkabidhi mtu shamba. Liberatus ndiye anayelima. Huyo mwenye pawatila ametumwa tu, sina neno naye, lakini asiingie. Yotamu, sogea na wewe nikuone."

Yotamu hakusogea. "Shemeji, mambo ya ukoo hayazungumzwi kwenye simu."

"Wewe ndiye uliyeyaleta shambani."

Mwenye pawatila akawa wa kwanza kuondoka. Mwenyekiti akamwomba Yotamu waende ofisini, na Yotamu akatangulia bila kuaga, viatu mkononi.

Jioni, Anyelwisye alimkuta mama yake kibarazani. Kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa limeshamtoa. Wifi zake wawili walikuwa wamemwandikia kwamba amemdhalilisha mwanaume mbele ya watu, na kwamba akirudi asitegemee mapokezi.

"Hujisikii vibaya, Mama?"

Maneno hayo yalimuuma Atuganile, hasa ya wifi yule mdogo aliyemlea yeye mwenyewe.

"Najisikia," alisema. "Lakini nikirudi, nitarudi kwenye changu. Atakayenisalimia nitamwitikia."

Kisha akabonyeza kitufe cha sauti na kumwuliza Liberatus kama mbegu imeshalowekwa.