Benchi la Ghorofa ya Tisa

Umewahi kukaa mlango kwa mlango na mtu miaka saba, mnapishana kila siku, kumbe kuna kitu anakitaka kwako na wewe ndiye umemzibia? Mimi nimewahi. Nitaeleza polepole, maana nisipoanza na benchi, mengine hayataeleweka.

Jengo letu liko Weston, Toronto, juu ya mto Humber, ghorofa kumi na nne za zege tupu lisilopakwa rangi. Mwanangu Navroz alinileta hapa baada ya baba yake kufariki, kisha yeye na mkewe wakahamia mbali, penye nyumba za bustani. Katika ukumbi wa kila ghorofa, kati ya mlango na mlango, pana benchi la zege lililojengwa pamoja na ukuta. Langu nimelipima kwa mkono: shubiri kumi na moja urefu, shubiri mbili kwenda juu. Ukingo wa mbele umeviringishwa vizuri, hauna ncha. Sisi sote tulidhani ni rafu. Wengine waliweka mifuko ya taka, wengine kigari cha mtoto. Mimi niliweka shelfu ya viatu, buti za theluji juu ya gazeti, chungu cha mrehani, chungu cha alovera na gunia la basmati la kilo ishirini. Kila Ijumaa kabla ya kwenda jamatkhana kusali nilipafuta kwa kitambaa chenye maji ya moto. Sikuwa mchafu, hilo nataka lijulikane.

Hayo yote yalikuwa upande wangu. Upande wa pili wa benchi hilohilo ulikuwa wa jirani yangu, Bwana Tulloch, Mskoti wa miaka themanini na minane, mrefu, mjane kama mimi. Kila siku ikifika saa kumi alasiri alitoka amefunga vifungo vyote vya koti, akakaa upande wake, kofia juu ya goti, macho kwenye lifti. Nusu saa. Halafu anarudi ndani na mlango unafungwa taratibu. Mwanzoni nilidhani anangoja teksi. Teksi haikuja mwaka wa kwanza wala wa tatu, nikasema basi, maskini, ndio uzee. Tulisalimiana kwa vichwa. Mimi niliingia kwangu, nikawasha redio ili nyumba iwe na mtu, nikampigia simu dada yangu wa Dar es Salaam. Nilipiga kelele kama sote tunavyopiga kelele kwenye simu za mbali, na sikujua kwamba upande wa pili wa ukuta kuna mtu anayesikia kila neno na kulielewa.

Mwezi wa tatu mwaka huu wenye jengo walibandika tangazo chini, mlangoni. Jengo litakarabatiwa, na rafu za zege za kwenye kumbi zitavunjwa. Pembeni walibandika michoro miwili, wa zamani na mpya. Mjukuu wangu Zeena, ambaye Kiswahili anakisikia lakini kujibu anajibu kwa Kiingereza, alikuwa akinisomea huku anatafuna bazoka. Nikavaa miwani nitazame mwenyewe. Mchoro wa zamani ulichorwa kwa mkono, mistari myembamba kama uzi wa kushonea, maneno yote ya Kiingereza. Lakini kati ya kila milango miwili, kwa penseli, kwa herufi kubwa zilizosimama wima, palikuwa pameandikwa neno moja la kwetu.

BARAZA.

Nilivua miwani nikaifuta kwa kanga, nikasoma tena. Mimi niliyezaliwa Tanga, niliyeishia darasa la nane, ambaye nyumba ya utoto wangu ilikuwa na baraza mbele na nikakulia juu yake, nimeweka gunia la mchele juu ya baraza miaka saba na kuliita rafu. Kwa sababu lilikuwa ghorofa ya tisa, kwenye ukumbi usio na jua, macho yangu hayakulijua. Chini ya mchoro palikuwa na mwaka, 1971, na jina. Zeena akalisoma kwa sauti: I. Tulloch.

Mkutano wa wapangaji ulikuwa Jumatatu. Meneja kijana akauliza nani ana la kusema kuhusu rafu. Eustache wa ghorofa ya tatu, Mkongo mwenye maneno, akasema yake ina kazi kubwa: mkewe akikasirika humtupia nguo zake hapo, kwa hiyo wasiivunje mpaka ndoa itulie. Watu wakacheka. Bwana Tulloch alikuwa kiti cha nyuma kabisa. Alitabasamu, lakini kofia aliigeuza mkononi mara tatu.

Injinia wa ukarabati alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, Nazmin, wazazi wake watu wa Kisumu. Alimwona mzee, akaacha karatasi zake, akamfuata mpaka kule nyuma na kuinama mbele yake kama binti anavyoinama.

"Mwalimu," alisema, "sema neno moja tu. Ukisema yabaki, nitaandika yabaki."

"Mchoro uko ukutani, Nazmin," akajibu.

Baadaye, tukingoja lifti, nilimkamata Nazmin mkono nikamuuliza kwa Kiswahili huyu mzee ana nini. Naye akanieleza. Bwana Tulloch ni mtoto wa mwashi wa mawe. Alisomea usanifu wa majengo Glasgow, na akiwa na miaka ishirini na tano alikwenda Tanga kufundisha shule ya ufundi. Akapanga chumba Ngamiani. Jioni ya kwanza hakumjua mtu, akasimama barabarani kama mlingoti. Fundi cherehani mmoja akakusanya vitambaa vyake kutoka barazani, akasogea, akapigapiga jiwe la baraza kwa kiganja, kumwambia akae. Kisa hicho aliwahadithia wanafunzi wake wa Toronto kila mwaka kwa miaka thelathini. Alipopewa jengo la Weston alichora baraza kila ghorofa, ili watu waliotoka mbali wapate pa kukaribishana.

Nikamuuliza mbona hasemi. Nazmin akacheka kidogo, bila furaha. Alisema darasani mwa mzee mwanafunzi alibandika mchoro ukutani na kufunga mdomo. Aliyefungua mdomo kuutetea, mwalimu aliubandua. Aliwaambia nyumba asiyoielewa anayeikaa, kosa ni la mchoraji. Sasa sheria ile imemkaba mwenyewe. Ameona taka, ameona vigari, ameona gunia langu, na amenyamaza, kwa sababu kwake yeye kumwambia jirani "hapa ni pa kukaa" ni kukiri kwamba kazi yake ya maisha haikusomeka.

"Alhamisi nitapita kila ghorofa," Nazmin akasema. "Yanayotumika kama mabenchi nitayaandikia yabaki. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Alhamisi asubuhi nikatoa vyote. Viatu vikaingia chini ya kitanda, vyungu dirishani. Gunia nililiburura kwa shuka kwa sababu ya mgongo. Nikapiga deki zege mpaka likaonyesha kokoto zake ndogondogo, za kijivu na nyekundu. Sikujua lina kokoto nyekundu. Nikapika chai ya tangawizi, nikaijaza kwenye chupa, na chevdo ya kutafuna na chai nikaitia bakulini.

Saa kumi alitoka. Alipaona palipo wazi, akasimama kidogo, kisha akakaa upande wake kama kawaida, kofia gotini. Nami nikatoka na chupa yangu.

"Hodi, Bwana Tulloch," nikasema.

Na nikasimama. Kwetu hujitupi kwenye baraza la mtu. Unasimama mpaka uambiwe. Nilimwona anavyoanza kuinua mkono, halafu mkono ukarudi kwenye kofia. Nikamwelewa: mchoro uko ukutani, na anayeutazama ni mimi. Lakini mimi nami sikukaa. Kukaa bila kukaribishwa kungekuwa kukaa tu, kama anavyokaa mtu kituo cha basi, na hicho sicho alichokichora.

Kungoja nakujua. Nilingoja viza miaka sita, nikangoja simu za Navroz Jumapili ngapi. Magoti yaliuma, chupa ikanipasha kifuani. Treni ya uwanja wa ndege ilipita chini, ikapita nyingine. Lifti ikafunguka, Nazmin akatoka na karatasi zake, akatuona. Naye akasimama palepale, kalamu mkononi, mdomo kaufunga kama alivyofundishwa.

Bwana Tulloch akaitoa kofia gotini, akaihamishia upande wa ukuta. Akapigapiga zege kwa kiganja, mara mbili.

"Karibu, mama," akasema, kwa Kiswahili cha Ngamiani kilichokauka kwa kukosa wa kuzungumza naye. "Karibu ukae. Tangu siku niliyolichora, nilitaka jirani akae."