Tundu la Bikari

Ukiiinua ile karatasi juani, mwanga ulipenya mahali pamoja tu, kwenye tundu dogo kama lililotobolewa na mwiba wa mgunga. Hapo ndipo binti yangu Nasteho alipochomeka sindano ya bikari yake, akaizungusha, akachora chumba cha mama yake. Asubuhi ile mke wangu Lul aliiinua karatasi mlangoni. Mwanga ukamwangukia shavuni, alama moja nyeupe, ndogo kuliko punje ya mtama.

"Hii naenda nayo," akasema.

Nje kaka yake Dubow alikuwa amekwisha pakia vitu vyake kwenye gari na injini ilikuwa inanguruma. Walikuwa wanakwenda kwao, Hulugho.

Nikamwambia hapana.

Asiyetujua atashangaa watu wazima kugombania karatasi, tena ya ramani ya nyumba ambayo mwenyewe nilikuwa nimesimama ndani yake. Basi ajue kwanza kwamba kwetu sisi wafugaji nyumba ni mali ya mwanamke. Msichana akiolewa, mama yake na shangazi zake husuka mikeka, hukata fito na kuzipinda zikiwa bado mbichi, wakamsimamishia aqal, nyumba yake ya mviringo. Wakati wa kuhama yeye ndiye anayeibomoa na kuipakia juu ya ngamia, na yeye ndiye anayeisimamisha huko waendako. Mume akimshinda, huipakia vilevile akaenda nayo. Mwanamume anabaki na duara la mchanga na mawe matatu ya jiko.

Nilimwona baba yangu mdogo katika hali hiyo nilipokuwa mtoto, upande wa Tarbaj. Mkewe alikuwa ameondoka alfajiri na ngamia wawili. Baba mdogo alikaa katikati ya lile duara mpaka jua likawa kali, kisha akasimama kutoka. Alipofika mahali palipokuwa na mlango, akainama, kama alivyozoea kuinama kila siku. Sisi watoto tulicheka mpaka tukaanguka.

Mimi shule niliacha darasa la tano, mwaka ukame ulipotumalizia ng'ombe. Nikaenda Hagadera kuchimba vyoo vya kambi ya wakimbizi, nikajifunza kushika mwiko hukohuko, na nilipokuja Garissa nilikuwa fundi mwashi. Lul nilimwoa hapa. Aqal yake ililetwa kutoka Hulugho juu ya lori, ikasimama nyuma ya chumba nilichokuwa nimepanga, na Nasteho alilala ndani yake mpaka alipokuwa msichana mkubwa. Mungu alitupa huyo mmoja tu. Mchwa walipoila ile aqal, Lul alizichoma fito moja moja akipikia chai. Nadhani Nasteho ndiye pekee aliyemwona vizuri siku zile.

Alipoingia chuo cha ufundi kusomea ujenzi, alianza kuja nyumbani na rula ndefu yenye umbo la T na penseli za kila aina, ngumu na laini. Jioni moja akatandika karatasi juu ya mkeka, akaibana pembe nne kwa vikombe.

"Aabo, njoo uone nyumba ya hooyo," akaniita. Hooyo ni mama yake, na Aabo ni mimi.

"Naona mistari."

"Hii hapa ni sura ya juu. Jifanye ndege."

"Ndege gani?"

"Korongo. Wale wa kwenye takataka pale sokoni. Unapita juu, paa hakuna, unaona vyumba vyote. Sawa? Hii ni sura ya mbele. Umesimama langoni, na hujakaribishwa. Na huu ndio mkato. Chukua panga, uikate nyumba nzima kutoka paani hadi msingi, kama unavyokata tikiti maji. Nusu moja uiondoe. Sasa unaona unene wa ukuta, unaona msingi umekwenda chini kiasi gani."

"Na nani atakaa kwenye nyumba iliyokatwa?"

"Wewe," Lul akajibu kutoka jikoni. "Sisi tutakaa kwenye ile nusu nyingine."

Nikainama vizuri zaidi. Vyumba vyote vilikuwa na pembe nne, vya kawaida, isipokuwa kimoja.

"Hapa mkono umekuteleza," nikasema.

"Haujateleza. Ni duara. Bikari haitelezi."

"Nasteho, tofali halina mviringo."

"Ndiyo maana kuna mafundi. Kama matofali yangekuwa yanajipanga yenyewe, ungekuwa unachunga mbuzi."

Lul akaja akifuta mikono. Hajui kusoma, lakini aliitazama ile ramani muda mrefu kuliko mimi. Aliuliza jambo moja tu, mlango wa kile chumba unaangalia wapi, na Nasteho akamwonyesha. Ulikuwa unaangalia upande uleule wa mlango wa aqal yake. Lul akaweka kidole katikati ya duara. Kidole kilikuwa na samli, doa likabaki, na karatasi ikawa nyororo pale kama ngozi.

Chini, pembeni, palikuwa na visanduku. Nasteho alinisomea kimoja kimoja, ingawa nilikuwa naweza kusoma mwenyewe polepole. Imechorwa na: Nasteho Dekow. Skeli: moja kwa hamsini. Imekaguliwa na, hapo pakawa patupu.

"Mwalimu ana kopi yake," akasema. "Hii ni ya nyumbani. Mkaguzi ni wewe."

"Mwandiko wangu utaiharibu."

"Ni jina tu, Aabo."

"Nitaandika siku paa likipanda."

Akacheka, akaikunja kama bomba, akaitia ndani ya kipande cha paipu ya plastiki na kukitundika kwenye boriti.

Kiwanja tulikuwa nacho, kule mwisho wa bulla, mtaa wetu. Siku ya kuweka alama za msingi alikuja nami. Nilikata kipande cha nondo, nikakipigilia ardhini mahali ambapo kwenye karatasi palikuwa na lile tundu, nikafunga kamba na kuipima urefu wake. Mchanga ulikuwa mlegevu, kigingi kikayumba. Nasteho akachuchumaa, akakishika kwa mikono miwili. Mimi nikaivuta kamba nikaanza kuzunguka nikimwaga majivu. Yeye naye akawa anageuka palepale alipo, uso wake ukinifuata duara zima.

"Usivute sana, Aabo. Hooyo atapata uwanja wa ndege."

Sijawahi kuona kitu kizuri kuliko ule mstari wa majivu ulipofika mwanzo wake.

Ukuta wa mviringo ulinitesa. Kila tofali lilitaka kuchongwa ubavu, na pimamaji yangu haikuwa na kazi ila kwenda juu. Lakini ulipanda. Ulikuwa umefika usawa wa madirisha mto ulipofurika. Maji yaliingia kwenye chumba chetu cha kupanga hadi magotini, yakachukua magodoro, yakachukua sanduku la vitabu vya Nasteho, madaftari yake yote tangu chekechea. Paipu ile ya plastiki ilinusurika kwa sababu ilikuwa imetundikwa juu.

Maji yalipokauka wakaja mbu, na baada ya mbu ikaja homa. Mtaani watu wengi waliugua wakapona. Nasteho aliugua Jumatatu, tukampeleka hospitali, akawekewa dripu, akazungumza vizuri, akamwuliza mama yake kama amelisha mbuzi. Alhamisi tulimzika kabla ya alasiri. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo. Nimejaribu.

Tazia ilipokwisha na watu kutawanyika, nilirudi kiwanjani. Sikuona la kufanya jingine. Nilichanganya mchanga na saruji, nikaanza pale nilipoachia. Lul alikuja siku ya tatu, akasimama upande wa nje wa ukuta.

"Dekow, acha."

"Nikiacha itabaki hivi."

"Ibaki."

"Nyumba ni yako. Yeye ndiye aliyesema ni yako."

"Kila ukigonga tofali," akasema, "nasikia wanamfunika."

Nilimsikia. Niliweka mwiko chini, nikaketi, na nilipoketi nilimwona Nasteho amechuchumaa pale kwenye kigingi, ananigeukia. Kwa hiyo nikasimama tena, nikagonga. Ndivyo tulivyokuwa. Yeye hakuweza kuvumilia kile chumba kikiinuka, na mimi sikuweza kuvumilia kukiona kimekomea njiani. Hakuna aliyekuwa na kosa, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana kosa huombewa radhi. Aliacha kuniletea chai. Kisha akaacha kunijibu. Kisha akampigia Dubow simu.

Tulihamia kwenye kile kiwanja ukuta ukiwa haujafika linta, boriti ya juu ya mlango, chini ya turubai, kwa sababu chumba cha kupanga kilikuwa hakifai tena. Hapo ndipo alipoiinua karatasi asubuhi ile.

"Nitajengaje bila ramani?" nikamwuliza.

"Juzi ulikuwa unapima madirisha na ramani iko sandukuni mwangu. Unaijua yote. Huiangalii hata kidogo."

Ilikuwa kweli.

"Picha zake unazo kwenye simu," nikasema. "Mkono wake hauko popote isipokuwa hapo. Maji yamechukua mengine yote."

"Najua yamechukua nini."

Dubow akachungulia. Ni mtu mzuri, mfanyabiashara wa mbuzi, hapendi watu wakikaa kimya karibu naye.

"Seedi, jua linapanda," akaniambia, maana mimi ni shemeji yake. Akaona tulichoshika, mimi upande mmoja na dada yake upande mwingine. "Haya ndiyo mnayogombania? Pale mjini kuna mashine za kutoa kopi. Tutapita, mmoja achukue hii, mwingine ile. Dakika moja tu."

Lul akasema, taratibu kama anayemfundisha mtoto:

"Kopi haina tundu."

Dubow akarudi garini.

Nilikuwa na neno moja lililobaki, na nililitumia kama mtu anayeshika lango kwa mguu. "Sijaandika jina langu," nikasema. "Aliniomba. Nilimwambia nitaandika paa likipanda."

"Basi andika."

"Paa halijapanda."

"Dekow," akasema. Tangu mazishi hakuwa ameniita kwa sauti ile. "Andika."

Nikaitandika karatasi juu ya tofali. Nilitoa penseli yangu ya kazi, ile bapa, nikaichonga kwa kisu, na nilichelewa kuichonga makusudi. Kisanduku kilikuwa kidogo. Herufi zangu ni kubwa, ya mwisho ilitoka nje ya mstari, ikaegemea kwenye skeli. Lul alikuwa ameinama begani pangu. Nilisikia harufu ya uvumba kwenye mtandio wake.

"Umeandika nini?"

"Jina langu."

"Na maana yake?"

"Kwamba nimeiangalia na iko sawa."

"Iko sawa," akasema.

Akaikunja mwenyewe, akaitia ndani ya paipu, akaibeba mikononi kama kitoto mpaka garini, akaipakata. Talaka sikuitamka wala yeye hakuidai. Gari likaondoka likatimua vumbi, na vumbi likachukua muda wake kushuka. Nilirudi ndani ya chumba cha duara, nikasimama, sijui muda gani. Nilipotoka nilijikuta nimeinama mlangoni. Linta ilikuwa bado haijawekwa. Juu ya kichwa changu palikuwa na anga tupu.

Sasa paa limepanda. Fundi mwenzangu aliyekuja kunisaidia mabati alisema hajapata kuona chumba kama hicho, akauliza ni cha nini. Nikamwambia ni cha mwenye nyumba. Dubow hunipigia simu nyakati za Ijumaa. Anasema dada yake amesimamisha aqal, amesuka mikeka yeye na wake wa ndugu zake, na paipu ya plastiki ameifunga kwa kamba kwenye fito, juu ya anapolala. Haifungui. Nikimwuliza kama dada yake ananitaja, Dubow huanza kuniambia bei ya mbuzi.

Juzi nilimwaga sakafu. Fundi yeyote angekwisha kuking'oa kile kipande cha nondo; kazi yake ilimalizika siku ile ya majivu. Nilianza ukutani nikarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni nikisawazisha, na nilipofikia kigingi nilikizunguka kwa mwiko. Saruji imekauka, imekishika. Kimechomoza katikati ya chumba kiasi cha kidole gumba.

Mimi huvaa viatu, na nimejifunza kukipisha. Lakini Lul hutembea peku ndani ya nyumba. Akirudi, atajikwaa pale siku ya kwanza, atashika mguu, na atanitukana mimi na ukoo wangu wote mpaka Tarbaj. Mlango wa kile chumba bado sijautia komeo.