Kuvutwa Bila Ishara

Nilimshtaki shemeji yangu kwa maandishi, kwa hiyo niliona ni haki nimshukuru kwa maandishi pia. Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili. Ya pili ilikuwa na mistari sita. Zote ziko kwenye faili lake kazini. Nilimwomba msimamizi wetu aitoe ile ya kwanza, akakataa. Alisema faili si ubao wa darasani.

Kazi yangu ni kukagua matumbo ya meli zikiwa majini. Nashuka na mtungi wa hewa mgongoni, mapezi ya plastiki miguuni, taa na kamera, napita chini ya meli kutoka mbele hadi nyuma, kisha naandika ripoti. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ndiye mshika kamba wangu. Husimama gatini ameshika kamba niliyofungwa kifuani. Akiivuta mara moja, anauliza kama niko salama. Nikiivuta mara moja, niko salama, na kanuni inamtaka aniache nifanye kazi. Kanuni hiyo ina sababu yake: mtu akipandishwa ghafla huku amebana pumzi, hewa hutanuka ndani ya mapafu na inaweza kumuua.

Kazini anaitwa Godoro. Jina hilo nililitunga mimi. Miezi minane kabla ya haya ninayoyaeleza, alimpandisha mzamiaji mwenzangu huku akipiga kelele kwamba kuna papa. Gati zima likakimbilia ukingoni, na kilichoelea mbele yetu kikawa godoro la sponji. Msimamizi alimpa onyo la maandishi, mimi nikampa jina. Lilimganda. Mlinzi wa getini, ambaye hakuwepo siku ile, alikuwa akimuuliza kila asubuhi kama amelala vizuri.

Jumatatu moja, saa tano na dakika arobaini asubuhi, nilikuwa mita tisa chini, nyuma ya meli ya mizigo, nikirekodi video ya kutu karibu na rafadha, panga linalosukuma meli. Kamba ilivutwa mara moja. Nikajibu mara moja. Kabla sijarudisha mkono kwenye kamera, nilinyanyuliwa. Kamera iliniponyoka, ikabaki ikining'inia kwa uzi wake wa mkononi. Bega lilikwaruza chuma. Mguu wa kushoto ulinaswa na kitu, nikadhani ni ncha ya rafadha, kisha ukaachiwa. Nilitoa pumzi njia nzima kama nilivyofundishwa, nikafika juu nikiwa mzima na nimekasirika sana.

"Umeona nini?" nilimuuliza, hata ngazi sijaimaliza.

"Hamna kitu, shemeji."

"Hamna kitu?"

"Nimeona bora upande tu."

"Nilikujibu niko salama. Kamba uliisikia?"

"Niliisikia."

"Sasa?"

Alianza kukunja kamba. Macho yake yalibaki majini. Hilo niliona, na sikuliandika.

Niliyoandika yalikuwa vifungu vitatu. Kwanza, mshika kamba alipuuza ishara iliyo wazi. Pili, mzamiaji alipata mkwaruzo begani, sentimita saba. Tatu, pezi la mguu wa kushoto limekatika ukingoni kwa kugonga rafadha. Msimamizi alisoma barua mara mbili huku chai yake ikipoa.

"Hili ni la pili," alisema. "Ijumaa nitamsikiliza. Akishindwa kujieleza, kamba hashiki tena, na hapa sina kazi nyingine ya kumpa. Unajua hivyo?"

"Najua."

"Ni shemeji yako."

"Kanuni haina shemeji."

Sentensi hiyo ilinipendeza wakati ule. Nyumbani niliirudia, na mke wangu akaanza kuniita bwana mkaguzi. Bwana mkaguzi, chakula tayari. Bwana mkaguzi, bomba linavuja, andika ripoti. Usiku wa pili akaacha utani.

"Mdogo wangu ana watoto wawili," alisema. "Lakini siongelei hao. Nakuuliza wewe unayependa ushahidi. Miaka minne anakushikia kamba. Ameshakuvuta bila sababu mara ngapi?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi sipigi mbizi. Nakuuliza wewe."

"Hajawahi."

"Haya. Lala."

Jumatano asubuhi niliketi ofisini kutoa picha za kutu kwenye kamera. Nilidhani kurekodi kuliishia iliponiponyoka. Hakukuishia. Kamera ilikuwa imening'inia ikitazama chini, na ilirekodi kupanda kwangu kote.

Nitaeleza kilichomo kama kilivyo. Kamba inavutwa mara moja. Vidagaa waliokuwa wamejaa kwenye mwanga wa taa yangu wanatoweka kwa pamoja. Nilikuwa nawatazama na sikujiuliza wamekwenda wapi. Naanza kunyanyuliwa. Sekunde ya sita, papa anapita pale nilipokuwa. Nikimlinganisha na bawa la rafadha, ambalo vipimo vyake ninavyo, alikuwa na urefu wa mita tatu hivi. Sekunde ya tisa anageuka na kuja juu. Kuna povu, kisha picha inajaa kichwa chake, na pezi langu la kushoto limo kinywani mwake. Anatikisa mara moja. Anaachia.

Nilirudisha nyuma nikatazama tena, mara nne. Kisha nilienda stoo nikalichukua pezi. Rafadha hukata mstari mmoja. Ukingo wa pezi ulikuwa na upinde wa vijitundu kumi na vitatu, vyenye nafasi karibu sawa. Nilikuwa nimevitazama Jumatatu, nikavipima upana, nikaviandika kwenye kifungu cha tatu kama ushahidi dhidi ya mtu aliyeniokoa mguu.

Najua takwimu. Watu wanaoumwa na papa ni wachache mno ukilinganisha na wanaozama, na wengi huumwa mara moja wakaachwa. Lakini mara moja ya papa wa mita tatu, ikiangukia paja badala ya plastiki, hukata mshipa, na mtu huishiwa damu kabla ya kufikishwa ngazini.

Godoro alikuwa nje akiosha mitungi. Niliweka pezi mbele yake. Akalitazama, akafunga maji.

"Ulimwona," nilisema.

"Sijui nilimwona nani."

"Niambie kama ilivyokuwa. Taratibu."

"Mpishi wa ile meli alimwaga ndoo ya matumbo ya samaki upande wa pili. Nikampigia kelele aache, akanipungia mkono, alidhani namsalimia. Baada ya muda vidagaa wakaanza kuruka nje ya maji, wote kuelekea gatini. Nikaona kitu cheusi chini, kirefu kama mlango. Nikavuta kukuuliza. Ukajibu uko salama."

"Sikujua."

"Ndiyo hivyo. Nikajiambia, hii ni turubai. Nikajiambia, ikiwa turubai, nitaitwa Turubai. Halafu nikamfikiria dada. Nikavuta."

"Na nilipokuuliza?"

Alipangusa mikono kwenye suruali.

"Ningekwambia nini, shemeji? Papa? Sikuwa na hakika. Nawe ungecheka hadi Krismasi."

Hakusema kwa ubaya. Mtu mwenye kazi ya kunipa tahadhari alikuwa amejifunza kutoka kwangu kwamba ni heri afukuzwe kuliko atamke neno papa.

"Asante," nilisema.

"Ya nini?"

"Ya mguu."

"Mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Basi wa kulia unanidai bado," alisema, akafungua maji tena.

Ijumaa msimamizi alitazama video. Aliomba pezi, akapitisha kidole kwenye vijitundu. Kisha aliandika kanuni mpya mbili: meli isimwage baharini chochote cha jikoni mzamiaji akiwa chini, na mshika kamba anaweza kumpandisha mzamiaji kwa shaka yake tu, polepole, bila kuulizwa hata akikosea. Onyo la zamani alilitengua, na barua yangu ya pili akaiweka kwenye faili juu ya ile ya kwanza. Shemeji alibaki kwenye kamba. Mlinzi wa getini nilimwambia mwenyewe aache salamu zake. Mke wangu aliniita bwana mkaguzi siku moja zaidi, ili nisisahau.

Wiki tatu baadaye nilirudi chini ya meli nyingine. Dakika ya ishirini kamba ilivutwa mara moja. Nikajibu niko salama. Ikaanza kunivuta, polepole. Nikashikilia kamera vizuri, nikatoa pumzi, nikapanda.

Shemeji alikuwa amepiga magoti ukingoni, jasho linamtoka, na hakunitazama usoni. Kando ya ngazi lilielea turubai la buluu, kubwa, limekunjika katikati.

Nilitoa mpira wa hewa mdomoni.

"Asante, shemeji," nilisema, na nilimaanisha. Nikangoja walitoe turubai, nikashuka tena.