Nilivyompanda Sitaki kwa Mlango wa Dereva

Nimeendesha lori miaka thelathini na nne, na katika miaka hiyo hakuna mlima ulionishinda isipokuwa mmoja, na huo nao kesho yake ulihama wenyewe kwa aibu. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kuna farasi amemshinda, nilicheka hadi meno ya bandia yakasogea.

"Baba, usicheke," akasema. "Jumamosi wanamwondoa."

Binti yangu ni mwalimu wa kupanda farasi. Wapo ambao watoto wao ni mahakimu. Wangu anawafundisha mahakimu wasianguke. Miezi minne nyuma, mwenye banda, mama tuliyemwita Kifimbo kwa kile kifimbo kilichokaa kwapani mwake hata akinywa chai, alileta farasi jike mwekundu, mrefu kama ghorofa moja na nusu. Kila aliyemkanyagia kikuku, kile chuma cha tandiko cha kutia mguu, alijikuta chini anahesabu meno. Walianguka wanne. Wa tano akawa binti yangu, akavunjika bega. Farasi akabatizwa Sitaki.

Bega lilipona. Lakini kila binti yangu alipopita mbele ya kizimba cha yule farasi, mkono ulimwenda begani wenyewe. Kisha Kifimbo akatoa neno la mwisho: Jumamosi Sitaki abebe mtu azunguke uwanja, la sivyo akavute mikokoteni ya mchanga machimboni.

"Na ukishindwa?" nikamuuliza.

"Nikishindwa, Baba, kila nitakapomwambia mwanafunzi 'usiogope', nitakuwa mwongo."

"Uongo niachie mimi mwanangu. Mimi nina leseni."

Jumatatu tukaenda naye bandani. Nilimkagua Sitaki jinsi nilivyokagua gari kila asubuhi: nikamzunguka, nikatazama miguu yote minne, nikainama uvunguni kuona kama kuna kinachovuja. Kilivuja. Binti yangu alicheka, viatu vyangu havikucheka.

"Nakwenda kuchukua brashi," akasema. "Usimguse, tafadhali."

Kumwambia dereva asiguse ni kumwambia mbuzi asitazame majani. Nikapindua ndoo, nikapanda juu yake, nikaruka mgongoni kwa Sitaki kama kijana wa miaka ishirini. Haya, haya: nilipanda kwa tumbo, kama gunia, kisha nikajigeuza kidogo kidogo nikimwomba Mungu na farasi kwa zamu. Lakini nilipanda. Na Sitaki akasimama kimya, anatafuna nyasi zake.

Binti yangu aliporudi, brashi ilimtoka mkononi.

"Baba! Umepandaje hapo?"

"Kwa mlango wa dereva."

"Mlango gani?"

"Kulia! Miaka thelathini na nne naingilia kulia. Ulitaka niingilie upande wa utingo?"

Sikujua nimefanya kosa. Wapanda farasi wote hupanda kwa kushoto. Ndivyo walivyofundishwa, na waliowafundisha nao ndivyo walivyofundishwa. Nilingoja nifokewe. Badala yake akasogea taratibu hadi upande wa kushoto wa kichwa cha Sitaki, akainua kiganja karibu na jicho, bila kuligusa. Jicho halikupepesa. Akaenda kulia, akafanya vile vile. Likapepesa. Akarudi kushoto na kuchungulia. Ndani kabisa palikuwa na ukungu mwembamba, kama pumzi kwenye kioo.

"Huku haoni," akasema. "Ni hodari wa kugeuza shingo, ametuficha wote. Miezi minne tunamrukia gizani, halafu tunamwita mkaidi."

"Basi kazi imekwisha," nikasema kutoka juu, maana kupanda nilijua, kushuka bado. "Panda kulia kama mimi."

"Hapana. Siku mtu mwingine akimgusa kushoto, atamtupa. Nataka aniamini mahali asiponiona."

Hilo jibu nilikwenda nalo nyumbani. Mimi nimezoea kusema maneno makubwa. Sikuzoea kuyasikia ndani ya familia.

Akaanza. Aliweka kiganja kwenye bega la kulia la farasi, akasema, "Nipo." Kisha akapita chini ya shingo kwenda kushoto bila kuinua mkono, anasema tena, "Nipo." Sitaki akitetemeka, anarudi kulia, wanapumua wote wawili, wanaanza upya. Jumanne nzima ilikuwa hivyo. Jumatano akaongeza tandiko. Alhamisi akakanyaga kikuku cha kushoto, akainuka kidogo, akashuka.

"Mguu unakutetemeka," nikamwambia.

"Najua. Naye anajua. Ndiyo maana simfichi."

Ijumaa, binti yangu akiwa anafunga mkanda wa tandiko, Sitaki aligeuka akaegemeza shavu la upande usioona juu ya lile bega lililovunjika. Binti yangu hakujongea. Mimi niliingiwa na vumbi machoni, yote mawili.

Jumamosi wanafunzi walijaa uzioni. Binti yangu hakuficha. Alimweleza Kifimbo habari ya jicho.

"Jicho moja?" Kifimbo akasema. "Basi huyo ni wa mkokoteni. Tusipotezeane muda."

"Ulisema azunguke, Mama. Hukusema aone."

Kifimbo akahamisha kifimbo kutoka kwapa moja hadi jingine, na kwake hiyo ilikuwa ruhusa.

Binti yangu alienda kushoto. "Nipo," akasema. Akakanyaga, akapanda. Sitaki alishusha pumzi ndefu, akaondoka kwa hatua, kisha kwa mwendo mwepesi, jicho lisiloona likiwa upande wa uzio. Kwenye kona ya tatu, bati lililoegemezwa uzioni likaanguka. Kishindo kile kingeamsha lori bovu. Sitaki akainua kichwa, mgongo ukajikunja. Moyo wangu uliacha kazi bila barua.

Binti yangu hakuvuta hatamu. Alizilegeza. "Nipo," akasema, na sikio la kushoto la Sitaki likageuka nyuma kumsikiliza. Mgongo ukanyooka. Wakapita juu ya bati lenyewe, kwa, kwa, kwa, kama watu wanaokwenda sokoni.

"Inatosha!" Kifimbo akaita. "Nimeona. Atabaki, na atakuwa wako wa kufundishia."

Binti yangu hakusimama. Alimwongoza Sitaki mzunguko wa pili, hatamu zimelala shingoni, mikono yake miwili juu ya mapaja. Hakuna mkono ulioenda begani.

Nikamshika kiwiko bwana mmoja nisiyemjua. "Huyo wangu!"

"Farasi?"

"Farasi ni wake. Wangu ni huyo wa juu."