Mwalimu Aliyepungua

Jumamosi mchana Bibi alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akikunja pindo la gauni la bintiye kwa mara ya tatu tangu shule zifunguliwe. Binti mwenyewe, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, hata mumewe, alisimama akisahihisha madaftari aliyoyaegemeza kwenye kabati.

"Simama wima," Bibi alisema.

"Nimesimama, mama."

Bibi alizitoa pini mdomoni. Gauni halikuwa limerefuka. Mwenye gauni ndiye aliyekuwa amepungua.

Haikuwa siri. Mwalimu alipungua kila alipokubali kazi isiyo yake. Alipopewa darasa la mwenzake aliyehamishwa, juu ya lile alilokuwa nalo, watoto wakibanana hadi chini ya ubao, alipungua upana wa kiganja. Alipokubali kufua na kupiga pasi majoho ya kwaya, pete ya ndoa ilimdondoka kwenye beseni. Na mama mkwe alipoletwa kuuguzwa, mume akasema kazi hiyo inataka mkono wa mwanamke, Mwalimu aliamka asubuhi hafikii komeo la mlango. Akavuta kigoda, akafungua, akaenda kazini.

Watu walimsaidia, tusiseme uongo. Mwalimu mkuu aliagiza ubao ushushwe. Kanisani walimshonea joho la kimo chake, likapendeza kweli. Mumewe aliikata miguu ya meza ya jikoni ili mkewe afikie kumenya vitunguu, na wiki nzima akatamba mbele ya wenzake kwamba wanaume wanaojali wake zao wamebaki wachache. Kumpunguzia kazi ndiko hakuna aliyekufikiria.

Bibi alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na alimwona anamwishia machoni. Akaamua kumfundisha neno moja. Si kwamba Mwalimu hakulijua. Darasani alilitumia vizuri tu: hapana, usikimbie, hapana, saba mara nane si hamsini. Kwa watu wazima ndiko lilikokwama.

Akamkalisha mezani, juu ya mito miwili.

"Sema hapana."

"Hapana."

"Haya. Sasa mimi ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Mwalimu mpenzi, Ijumaa tusaidie usafi."

Mwalimu alivuta kalamu.

"Ijumaa saa ngapi, mama?"

Kwa kuwa yalikuwa mazoezi tu, alipungua kidogo, kiasi cha ukucha.

Bibi akafunga kitambaa kichwani, akaenda shuleni. Mwalimu mkuu alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti, akamwambia amezaa mtu wa kuigwa. Laiti walimu wote wangekuwa kama yeye.

"Watakuwa," Bibi alisema. "Na hutawaona."

Mwalimu mkuu alicheka, akamsindikiza hadi getini. Kutoka hapo Bibi alimwendea mkwewe. Mkwe hakubisha kwamba mkewe sasa analala ndani ya droo ya kabati. Alisema tu kwamba hajamlazimisha mtu.

"Anapenda mwenyewe, mama. Mwulize."

Bibi akamwuliza. Mwalimu, aliyekuwa amesimama ndani ya sinki akisugua sahani kubwa kuliko yeye, alijibu kwamba akimaliza hizo atapumzika. Nyuma yake mume aliongeza sufuria mbili.

Ilipofika ibada ya akina mama, Mwalimu alikuwa na kimo cha kijiko. Binti wa Mwalimu, mjukuu wa Bibi, alimpeleka kanisani ndani ya kikombe, akakiweka mbele, karibu na kipaza sauti. Mwenyekiti wa akina mama alitangaza kwamba mama wa mfano mwaka huu ni Mwalimu, na zawadi yake ni seti ya sufuria za kupikia watu wengi. Wanaume wanne wakazipandisha jukwaani. Kisha, akiwa hajashuka, mwenyekiti akasema kwamba wageni wa mkutano mkuu watahitaji mtu wa kusimamia jiko, na kwamba mtu huyo wote wanamjua.

Kanisa hilo lilikuwa na mtindo wake: mtu akitajwa kwa kazi, hupigiwa makofi kabla hajajibu. Bibi aliujua mtindo huo, akasimama upesi.

"Hapana," alisema. "Mimi mama yake mzazi nimekataa. Mniachie mtoto."

Makofi yalikuwa yameshaanza, tena mazito, na vigelegele juu yake. Aliyekaa nyuma yake alimshika bega kwa upole akamwomba akae, anawazibia wengine. Kipaza sauti kikatoa sauti ndogo iliyotulia: "Sawa."

Bibi alipofika mbele, kikombe kilikuwa kitupu.

Sauti ndiyo iliyobaki. Asubuhi ilimwelekeza mume soksi zilipo. Darasani ilifundisha kugawanya, na mwalimu mkuu akaridhika kwamba hakuna kipindi kilichopotea. Wageni wa mkutano walikula wakashiba. Bibi aliomba walau maombi ya kumuaga bintiye. Mchungaji akamweleza taratibu kwamba kanisa halina utaratibu wa kumuaga mtu ambaye bado yuko kazini.

Muhula uliofuata Bibi alikwenda shuleni kuchukua miwani ya mwanawe. Kwenye kiti cha Mwalimu alikaa mwalimu mpya, msichana mrefu hasa, magoti yake yakigonga meza kwa chini. Mwalimu mkuu alikuwa amemwinamia, akimweleza kwamba sauti ya Mwalimu inafundisha vizuri, ila haiwezi kushika kalamu, na madaftari ya madarasa yale mawili yamelundikana. Kama angewasaidia kuyasahihisha.

Bibi alimshika msichana mkono kabla hajafungua mdomo.

"Kataa, mwanangu. Kataa sasa hivi, mimi niko hapa. Mwache akasirike."

Msichana alimtazama Bibi, akamtazama mwalimu mkuu, akatazama lundo. Alikuwa amelelewa vizuri.

"Ni kwa leo tu, bibi," alinong'ona, akavuta daftari la kwanza.

Bibi akapiga magoti chini ya meza, akamkaza msichana mkanda wa kiatu tundu moja, kwa sababu tayari kilikuwa kinampwaya.