Nondo Mia Mbili na Saba

Siku kaka yangu mkubwa alipouawa, mimi ndiye niliyempa idadi. Mia mbili na saba. Nilisema nikiwa nimeinama juu ya beseni, nawatenganisha nondo kwa kijiti, naye akaenda kuchukua panga.

Mabeseni yale tuliletewa na bwana shamba. Ndani ni maji ya sabuni, na juu huning'inizwa kipira chenye harufu ya nondo jike. Madume huifuata harufu, hutumbukia, hufa. Niliwahesabu kila asubuhi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemaliza kidato cha nne. Kaka wa pili, ambaye watu walimwita Domo, aliyapenda mabeseni kwa sababu zake. "Hata wadudu," alisema, "dume linamalizwa na manukato!" Kaka mkubwa hakucheka. Yeye aliitwa Jemedari, maana viwavi, watoto wa nondo hao, hakuwapulizia dawa tu. Aliwaminya kwa ukucha mmoja mmoja ndani ya jani, huku akisema, "Kufa. Na wewe, kufa," mpaka vidole vikawa kijani.

Mashamba yao yalitenganishwa na mtaro. Marehemu baba aliwaachia kanuni moja: baridi ikianza, ng'oeni nyanya zote kuukuu siku moja. Kwenye baridi, nondo huchukua zaidi ya miezi miwili tangu yai mpaka kuruka, na akikuta shamba tupu hana pa kuzalia. Mwaka ule baridi haikuja. Mwezi wa sita tulilala bila blanketi. Kwa joto lile, yai liligeuka nondo kwa wiki tatu na siku chache, kizazi juu ya kizazi. Jemedari aling'oa zake, akazifunga kwenye mifuko ya nailoni zioze juani, akaotesha kitalu kipya. Domo alingoja baridi.

"Bado zinazaa," alisema. "Na baba alisemaje? Baridi ikianza. We umeiona? Nionyeshe nikavae sweta."

"Kitalu changu kikiliwa, mwaka huu sina kitu. Nina watoto wanne."

"Na mimi nafuga paka?"

Walikuwa wamefikia hapo asubuhi niliyotaja mia mbili na saba. Jana yake nondo walikuwa themanini. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba wengi wako kwenye beseni la upande wa Domo. Ningeweza kunyamaza.

Jemedari alivuka mtaro akaanza kufyeka. Hakung'oa, alifyeka: nyanya, kamba, miti ya kuegemea, vyote pamoja. Mistari mitatu ilikuwa chini kabla Domo hajatoka ndani, mkanda wa suruali bado mkononi. Nyanya zilipasuka chini ya buti. Nondo waliokuwa wamelala majanini waliamka kwa pamoja, wingu la kijivu, wakavuka mtaro kuelekea kitalu cha Jemedari.

"Kaka, wanakwenda kwako!" nilipiga kelele. "Acha, wanakwenda kwako!"

Hakunisikia.

"Umerukwa na akili?" Domo aliuliza.

"Toka njiani."

"Lete hilo panga, bwana."

"Nimesema toka!"

Domo alimrukia mkono. Walianguka, wakagaagaa juu ya nyanya, wakaumana. Panga lilimpata Domo sikioni, kipande kikabaki kinaning'inia. Alipapasa chini, akashika jembe, akapiga. Akapiga tena. Kaka mkubwa alikuwa ameshaacha kusogea alipompiga mara ya tatu.

Nilimfuta uso kwa kitambaa changu cha kichwa nikitafuta jeraha, maana maji ya nyanya yalikuwa yamemwenea kote. Lilikuwa kisogoni. Vidole vyangu viliingia ndani.

Domo alikaa mtaroni, mkono sikioni. "Mdogo wangu," aliniambia, "mwambie aamke. Mwambie nitang'oa."

Jemedari alikata roho kabla gari la hospitali halijafika. Kitalu chake kililiwa chote wakati wa matanga, hakuna aliyekwenda kukitazama. Majani yalibaki ngozi tupu, makavu, kama yamebabuliwa na moto.

Domo alifungwa miaka kumi na mitano. Katika barua yake ya kwanza hakuuliza habari za mkewe wala za mama. Aliuliza kama baridi imefika. Sijamjibu.

Mwaka huu pia haijafika. Mashamba yote mawili nayalima mimi na wifi zangu. Mke wa Jemedari huanzia kwake, mke wa Domo huanzia kwake, mimi hushika mifuko katikati. Tunang'oa tarehe mosi ya mwezi wa sita.