Nywele za Magdalena

Padri alihubiri kwamba njia za utakatifu ni nyingi: huyu alifagia nyumba ya watawa, yule alilima huku akisali, mwingine alikata joho lake akampa maskini nusu. Odilia, mjane mfumaji, hakujua kuhubiri wala hakuwa hodari wa kufunga. Alichojaliwa ni nywele. Basi mwanawe Rigoberto aliposhika njia ya kaskazini kuvuka jangwa, Odilia aliweka nadhiri, akazikata zote, akamkabidhi Fidelina, mvalishaji wa sanamu, amvike Mtakatifu Magdalena Ijumaa Kuu. Fidelina ndiye mama wa ubatizo wa Rigoberto. Asipoaminiwa yeye, aaminiwe nani?

"Magdalena atapendeza, mwenzangu," Fidelina alisema, akiubusu ule msuko wa nywele. "Na mwana wetu atafika salama."

Ijumaa Kuu sanamu ikatoka kanisani mabegani mwa watu. Odilia akainua macho. Nailoni! Nywele za mwanasesere wa sokoni! Akageuka huku na huku, akamwona Azucena, binti wa Fidelina, aliyerudi juzi kutoka hospitali ya mjini. Kichwani mwake nywele nyeusi tii, na ule mstari mweupe ambao Odilia alizaliwa nao.

Aliwapangua watu mpaka akamfikia Fidelina. "Mwizi mkubwa wewe! Mali ya mtakatifu unamvika mwanao?"

"Punguza sauti, nakusihi. Dawa zilimnyonyoa nywele zote. Alikataa hata kutoka nje. Magdalena ni mti tu, haoni aibu."

"Na mbele yangu ukazibusu!"

Upepo ukavuma kutoka mlimani, wigi likateleza, upara wa msichana ukachungulia. Watu wawili watatu wakacheka. Odilia akainua mkono, na Fidelina akafumba macho, akiwa na hakika mwanawe anavuliwa wigi mbele ya umati.

Mkono ule ukalivuta wigi mbele, ukalikaza, ukalifunga kwa shela. "Tulia, mwanangu," Odilia alimwambia Azucena, aliyekuwa akilia.

Kisha, yeye mwenyewe akitokwa na machozi ya hasira, akamgeukia mama mtu.

"Ungeniomba, ningekupa. Magdalena ningemtafutia kingine, hata magoti yangu haya. Lakini Rigo yumo jangwani, Fidelina. Wewe uliyemshika ubatizoni ulijua anakwenda bila mtakatifu, na ukanyamaza."